Mama Likizo na Likizo Aliyonyamaza

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika maktaba yetu ya umma, ishirini na sita kati ya hiyo akiwa msimamizi wa chumba cha watoto, Mama Likizo anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina lake la kwenye faili lipo, na mhasibu analijua kwa sababu ndilo analomlipia mshahara. Sisi wengine tulishalisahau. Kwetu, kwa wazazi wanaopanga foleni ya kuandikisha watoto na kwa watoto wenyewe, yeye ni Mama Likizo. Shule zikifungwa na kila mtu akaanza kuwaza kupumzika, yeye ndipo anapokunja mikono ya gauni. Likizo yake mwenyewe alikuwa akiichukua katikati ya msimu wa mvua, wakati ambao hata ukipewa bure huitaki.

Aliajiriwa akiwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa, akawekwa kwenye dawati la kuazima vitabu. Kazi yake ilikuwa kugonga mhuri wa tarehe ya kurudisha, na aliugonga kwa moyo mmoja mpaka kalamu zikawa zinarukaruka mezani. Wazee wa idara wanasimulia kuwa msomaji akirudisha kitabu, hakumuuliza kama kimechelewa. Alimuuliza kama kilimkera au kilimpendeza. Foleni ikawa haisogei. Mkutubi Mkuu wa wakati huo, mzee mmoja mtaratibu aliyevaa tai hata Jumamosi, akamwita ofisini. "Binti, hapa tunaazima vitabu, hatupigi soga." Naye akajibu, "Sawa mzee, lakini yule bwana wa vitabu vya kilimo amesema ukurasa wa mwisho haupo, na nisingepiga soga nisingejua." Mzee akakohoa, akamwambia arudi kazini.

Ndoa yake nayo imetoka humu humu ndani. Mwaka wake wa tatu kazini, bomba la chooni lilipasuka ghorofani na maji yakaanza kushuka juu ya rafu za historia. Akaitwa fundi bomba kutoka mtaa wa pili. Alipofika na mkoba wake wa spana, akiulizia ndoo, alikutana na binti amebeba vitabu mpaka kidevuni, ambaye bila salamu akamtwika nusu ya mzigo. "Dada, mimi ni fundi bomba, si mchukuzi," fundi akalalamika. "Leo wewe ni mchukuzi," akajibiwa. "Funga maji huko nje, kisha urudi ubebe. Vitabu haviogelei." Jioni ile fundi hakudai malipo ya kubeba. Alirudi siku tatu baadaye kuangalia kama bomba linavuja, akarudi tena juma lililofuata, na bomba lenyewe halikuwa na tatizo lolote. Hadi leo sisi wa maktaba tunamwita shemeji, na mtaani wanamwita Fundi Bomba.

Programu ya likizo ilianzia kwenye ngazi. Zamani, shule zikifungwa, watoto wa mitaa ya jirani walikuja kuteleza kwenye reli ya ngazi zetu za mbele, mlinzi akiwafukuza, wakirudi, akiwafukuza tena, mpaka jioni inaingia pande zote mbili zimechoka. Siku moja Mama Likizo akamwambia mlinzi awaache. Akaenda kwa Mkutubi Mkuu kuomba ufunguo wa stoo ya viti vibovu, ile iliyo upande wa jua la asubuhi.

"Maktaba ni mahali pa kimya," mzee akamkumbusha.

"Watakuwa kimya, mzee. Nipe wiki moja."

Hawakuwa kimya hata dakika moja, na wiki ile moja ndiyo tunayoizungumzia leo miaka ishirini na sita baadaye. Viti vibovu vilitolewa, fundi bomba akakata miguu ya meza mbili ili zilingane na magoti ya watoto, mikeka ikatandikwa, na mlangoni pakawekwa sehemu ya kuvulia viatu. Asubuhi watoto walisoma, kila mtu na kitabu chake. Baada ya hapo walitengeneza vikaragosi kwa magazeti ya zamani, walipanda maharage kwenye makopo ya rangi kwa kufuata maelezo ya kitabu cha bustani, walicheza sataranji, walishona majalada yaliyolegea. Kila kitabu kilichosomwa kiliongeza kipete kimoja cha karatasi kwenye mnyororo wa rangi ulioning'inia ukutani. Mwaka wa kwanza mnyororo ulifika dirishani. Miaka ya karibuni umezunguka chumba, ukatoka mlangoni, ukapita mbele ya ofisi ya Mkutubi Mkuu, na wasomaji wa magazeti wamezoea kuinama wanapopita.

Sheria yake iliyowashangaza walimu ilikuwa kwamba mtoto anaruhusiwa kurudisha kitabu kabla hajakimaliza, na haulizwi kwa nini. Mwalimu mmoja alikuja kulalamika kuwa anawafundisha watoto kukata tamaa. Mama Likizo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwalimu, kitabu si dawa, kwamba lazima umalize dozi. Akikikataa hiki atachukua kile. Akilazimishwa hiki, hatachukua chochote." Mwalimu yule aliondoka amenuna, ila likizo iliyofuata alimleta mwanawe.

Lakini kilichojaza chumba kilikuwa saa ya hadithi, na kilichoijaza saa ya hadithi kilikuwa sauti yake. Ambaye hakumsikia siku hizo kwa kweli alipitwa. Alikuwa na sauti ya fisi, ya kibibi kikongwe, ya mlango uliokosa mafuta, ya mvua inayoanza mbali na kufika. Akinong'ona, watoto waliokaa nyuma kabisa waliinama mbele wote kwa pamoja kama majani. Akiunguruma, wasomaji wa chumba kikuu waliruka vitini. Tulipokea malalamiko ya maandishi kutoka kwa wakili mmoja mstaafu, na baadaye tukamkuta wakili huyo amesimama nje ya mlango wa watoto, gazeti limekunjwa kwapani, anasubiri kujua kama sungura alitoka kisimani.

Kila penye raha pana gharama yake, na wasifu unaotaja raha peke yake haumheshimu mtu. Gharama ya Mama Likizo ilikuwa nyumbani. Likizo za shule, ambapo akina mama wengine huwa na watoto wao, yeye alikuwa na watoto wa watu. Shemeji alifanya mzaha wa jambo hili kwa miaka mingi. Akija kumchukua jioni, alikuwa akiniambia getini, "Shemeji, mke wangu nimewaazima, na tarehe ya kurudisha imepita zamani. Nyie mnatoza faini kwa nani?" Tulicheka wote. Baadaye ikaja miaka ambayo aliisema sentensi ile ile na hakucheka.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti. Alipokuwa mdogo aliletwa kwenye saa ya hadithi kama wenzake, na siku ya kwanza alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye mapaja ya mama yake. Mama Likizo alimshusha taratibu, akamwambia, "Hapa mimi ni wa wote, mama. Kaa na wenzako." Alidhani anatenda haki. Mtoto alikaa na wenzake siku ile, na baada ya hapo hakutaka tena kukanyaga maktaba. Alipofika darasa la sita, ukimuuliza mama yake anafanya kazi gani, alikuwa akijibu, "Analea." Ukimuuliza anamlea nani, anatazama pembeni. Haya nayaandika kwa ruhusa ya mama na ya binti. Mama alitoa sharti moja tu, kwamba tusimpambe.

Ilikuwa mwaka wa kumi na nne wa programu. Kwa miezi kadhaa sauti yake ilikuwa inakwaruza. Alikunywa maji ya tangawizi, akafunga mtandio shingoni, akaendelea kuunguruma. Asubuhi moja alifungua kinywa kumsalimia mlinzi na hakikutoka kitu, ila pumzi. Daktari wa koo alimchunguza akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti, vile vinavyowapata waimbaji na wauza mnada. Akamfanyia upasuaji mdogo, kisha akampa masharti makubwa: wiki sita asitoe sauti kabisa. "Na kunong'ona pia marufuku," daktari akasisitiza, kwa kuwa alimwona mgonjwa wake anatafuta mwanya. "Kunong'ona ndiko kunakochubua. Ukiyavunja masharti, mama, sauti hii huenda usiipate tena. Na hata usipoyavunja, sikuahidi kwamba itarudi kama ilivyokuwa."

Wiki sita zile ziliangukia katikati ya likizo ndefu. Mabango yalishabandikwa, watoto walishaandikishwa. Mkutubi Mkuu aliyekuwa amemrithi yule mzee wa tai alitafuta wa kushika nafasi, na macho yake yakatua kwa mwandishi wa maneno haya, ambaye kazi yake maisha yote imekuwa kuorodhesha vitabu, si kuvisoma kwa sauti. Nilijitahidi. Siku ya kwanza watoto watatu walilala, na wa nne aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani, nilipomuuliza anaumwa nini akasema haumwi. Siku ya pili walikuja nusu. Siku ya tatu nilihesabu vichwa kwa vidole vya mikono yangu na vidole vikabaki. Mkutubi Mkuu hakunikasirikia. Alisema tu kwamba ni afadhali tufunge Ijumaa kwa heshima kuliko kuendelea kwa aibu, na mwakani tutaona.

Nilitumwa mimi kumpelekea habari. Shemeji alinifungulia mlango. Mama Likizo alikuwa ameketi dirishani na kitabu cha hadithi mapajani, midomo ikichezacheza bila sauti, nyusi zikipanda pale fisi anapoingia. Nilimwambia yaliyoamuliwa. Aliinuka, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Tulimsikia anaosha sahani ile ile.

Mimi na shemeji tulibaki tunatazamana. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua, kuwa kwa miaka alikuwa akimwomba mkewe ahamie idara yenye saa za kawaida. Jambo alilolitaka lilikuwa limejileta lenyewe mpaka mlangoni. Alisikiliza maji ya bomba. Kisha akasema, "Huyu mwanamke nimeishi naye miaka kumi na tano, sijawahi kumwona ameinamisha kichwa hivi. Shemeji, kesho mtaniona."

Na kweli tulimwona. Alifika saa ya hadithi amevaa shati lililopigwa pasi, amemshika mkewe mkono kama anavuka naye barabara. Akamwambia Mkutubi Mkuu, "Nimekuja kufanya kazi ya mke wangu. Kusoma mbele za watu sijui, nakwambia kabisa. Lakini kupiga kelele najua." Mkutubi Mkuu alinitazama, mimi nikatazama dari.

Fundi Bomba aliketi kwenye kiti kifupi, magoti yakamfika kifuani, akafungua kitabu cha kuku aliyetaka kujifunza kuogelea. Alianza kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake aliye chini ya shimo. Watoto waliamka wote. Kila neno alilijua, ila alilikamata moja moja kama nati iliyoshika kutu. Akafika mahali bata waliposikia habari mbaya. "Bata wote," akasoma, "waka... wakanyo... wakanyonga..."

"Wakamnyonga nani?" akauliza msichana mmoja wa mbele, macho yamemtoka.

Chumba kizima kililipuka. Shemeji alifuta jasho, akarudia, "wakanyonga," na watoto wakapiga kelele kwamba bata hawakunyonga mtu. Mama Likizo alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono ameuweka mdomoni, mabega yanatikisika, na mimi niliyekuwa karibu sikujua kama anacheka au vingine.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Binti yao alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa rafiki yake, akakuta kumefungwa, baba hayupo na mama hayupo, na mahali pekee pa kwenda kudai ufunguo ni mahali asipopataka. Alisimama pale mlangoni na viatu vyake miguuni. Alimwona baba yake, fundi anayeheshimika mtaa mzima, ameloa jasho katikati ya watoto wanaomcheka, kidole kimegota kwenye neno.

Sote tulidhani atageuka aondoke. Alivua viatu. Akapita katikati ya watoto, akanyoosha mkono. "Baba, nipe."

"Nimekwama hapa, mwanangu."

"Wakanyong'onyea," akasema binti, bila hata kuketi. "Maana yake waliishiwa nguvu kwa huzuni. Bata wote wakanyong'onyea." Akaendelea. Alisoma ukurasa ule, akafungua mwingine, akasoma na huo. Na tulimsikia fisi. Tulisikia mlango usio na mafuta, tukasikia mvua inayoanza mbali. Mtoto ambaye hakuwahi kusoma kwa sauti nyumbani, ambaye mama yake alidhani havutiwi na vitabu, alikuwa amezishika sauti zote za mama yake moja baada ya nyingine. Alizipata wapi, hakuna aliyejua. Baadaye alieleza mwenyewe: usiku kabla ya kila likizo mama yake alikuwa akifanya mazoezi sebuleni, na chumba cha binti kilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Mama Likizo alifungua kinywa. Nilimwona. Jina la mwanawe lilikuwa limeshafika kooni, na ningeweza kuapa kwamba lingetoka hata kama daktari angekuwa amesimama pale. Akajiziba kwa mikono yote miwili, machozi yakamshuka juu ya vidole. Hadithi ilipokwisha, watoto walipiga makofi, na binti akabaki amesimama na kitabu, hajui aende wapi. Mama yake alisogea kwenye mkeka akapigapiga nafasi iliyo kando yake. Binti aliitazama nafasi ile. Kisha akaenda akakaa, si kando, bali kwenye mapaja, mtoto wa darasa la sita na miguu mirefu hivyo. Watoto wengine hawakushangaa hata kidogo. Tuliokuwa tunajipangusa macho ni sisi watu wazima.

Kuanzia siku ile, Ijumaa ya kufunga haikutajwa tena. Shemeji alikuja kila alasiri alipopata nafasi, akasoma vibaya kwa bidii, na watoto waligundua kwamba anahitaji msaada. Waliomba kukaa karibu naye ili wamsahihishe. Wale waliokuwa wakisikiliza tu miaka yote, wenye aibu na wenye kigugumizi, walijua kwamba mbele ya Fundi Bomba hakuna anayeweza kuchekwa, kwa sababu nafasi ya kuchekwa imeshachukuliwa. Mama Likizo aliongoza kwa ishara: kidole sikioni maana yake ongeza sauti, kiganja chini maana yake polepole, mkono juu ya kichwa chake mwenyewe maana yake vizuri sana. Binti yake alipokea mikono ya kichwani mingi mpaka akaanza kuomba apunguziwe.

Siyo kwamba kimya kilikuwa rahisi. Siku moja mtoto wa miaka minne alipanda rafu kama ngazi, rafu ikaanza kuinama, na sisi wengine tulikuwa tumempa mgongo. Mama Likizo alimwona, na sauti ya kumwita hana. Alinyakua kamusi kubwa kuliko zote, akaipiga sakafuni. Kishindo kilisikika mpaka kwa mhasibu. Kila mtu aliganda, mtoto akashuka mwenyewe kwa hofu, na mimi nikaiwahi rafu. Huyu ndiye mwanamke aliyemfukuza mtu kwa kuweka kikombe juu ya gazeti. Kamusi ile tuliipaka gundi, na aliiomba radhi kwa kuibeba nyumbani kuishona mgongo kwa mkono wake.

Wiki sita zilipokwisha, daktari alimruhusu aseme neno moja. Shemeji anasimulia kwamba wote watatu waliketi wakisubiri, na mkewe akasema, "Chai." Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, kama ya mtu anayeongea kutoka chumba kingine. Ile ya zamani haikurudi. Alilia siku mbili, na hatukumwambia asilie. Siku ya tatu alirudi kazini, akawaeleza watoto kwamba sauti yake imebaki hivi. Wakamtaka ajaribu fisi. Akajaribu. Wakashauriana, kisha msichana yule wa bata akatoa uamuzi: "Zamani ulikuwa unaigiza. Sasa ni fisi kabisa." Alicheka mpaka akakohoa.

Angeweza kurudi kwenye kiti chake, kwa maana sauti ya kutosha alikuwa nayo. Hakurudi. Kwenye kikao cha kutathmini likizo ile alisimama akatuambia jambo ambalo nadhani lilimgharimu kulisema. "Nilikuwa nasoma vizuri mno. Watoto walikuja kunisikiliza mimi. Kumbe nilikuwa nawalisha kwa kijiko watoto wenye meno." Tangu hapo saa ya hadithi ikawa ya watoto. Wao ndio wanaosoma, yeye anakaa mkekani na kusikiliza, kidole sikioni, kiganja chini, mkono kichwani. Maktaba za miji mingine zimetuma watu kuja kujifunza utaratibu huu, nao huwa wanatafuta kwenye makabrasha mbinu ilipoandikwa. Mama Likizo huwaambia haikuandikwa, iliumwa koo.

Jambo jingine aliloomba kwenye kikao kile lilikuwa Jumatano. Alitaka kila Jumatano ya likizo aondoke mchana. Mkutubi Mkuu alimuuliza ana dharura gani. "Nina mtoto," akajibu. Akapewa, na miaka yote iliyofuata, Jumatano saa sita, hata kama mgeni rasmi alikuwa njiani, alichukua mkoba wake akaondoka. Walichokuwa wakifanya yeye na binti yake mchana ule hatukuambiwa, na tuliojaribu kuuliza tulijibiwa kwamba maktaba ina vitabu vya kutosha vya kutuliza udaku.

Binti huyo sasa ni mpima ardhi, anafanya kazi mji mwingine. Ameniomba niandike kwamba bado hapendi hadithi za wanyama wanaoongea, ila anamsomea kila mtu anayekaa naye kwenye gari magazeti kwa sauti za fisi. Shemeji naye amekuwa msomaji. Kadi yake ya maktaba ni ya tatu, mbili za kwanza zimechakaa kwa kutumika, na mwaka jana alikuja dawatini kulalamika kwamba riwaya aliyoazima imeisha vibaya na anataka kujua apeleke wapi malalamiko.

Wiki iliyopita Mama Likizo alimkabidhi funguo kijana wa kike atakayeshika chumba cha watoto. Mrithi wake alikuja na maswali mengi aliyoyaandaa: bajeti ya karatasi za rangi, idadi ya watoto kwa kundi, vitabu vipi vipya vinafaa. Aliyajibu yote kwa subira. Kisha, walipokuwa wanatoka, akamshika mkono pale mlangoni, penye viatu. "Mwanangu," akamwambia kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "usifunge mlango mpaka mtoto wa mwisho avae viatu. Kuna atakayekuwa anavivaa polepole, anafungua kamba, anafunga, anafungua. Usimharakishe. Huyo ana neno la kukuambia. Kaa chini naye, ujifanye na wewe kamba imekushinda."

Nilikuwepo alipoyasema hayo, na nilikumbuka ni mara ngapi nimempita pale jioni, ameketi sakafuni kando ya mtoto mmoja, wote wawili wameinamia viatu, taa za chumba kikuu zimeshazimwa. Nilidhani anasaidia kufunga kamba.

Mama Likizo, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa maktaba, wa leo na waliotutangulia, na kwa niaba ya watoto ambao sasa wengine wana watoto wao kwenye mikeka ile ile, tunakushukuru. Umetufundisha kusoma, ukatufundisha na kusikiliza. Shemeji, asante kwa kutuazima. Tunakurudishia mwenyewe akiwa mzima, na faini tunaiomba uisamehe. Afya njema iwafuate, safari mnayoipanga ya kumtembelea binti yenu iwe ya heri, na siku zenu zote sasa ziwe ndefu kama likizo. Nasi milango yetu, jioni yoyote utakayopita, utaikuta wazi.